Mfarishi mmoja, mikono mingi: Nani anachukua zawadi?

Usiku wa Minembwe ni wa baridi. Mji huo mdogo wa wilaya ya Fizi, mkoani Kivu Kusini, uko kwenye nyanda za juu, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Huko blanketi zito ni mali, na vita vya miaka ya karibuni vimewafanya wengi waelewe thamani yake vizuri zaidi. Tangu mwaka 2017 vijiji vingi vya nyanda hizo vimechomwa, ng'ombe wameporwa na familia zimekimbia zikiwa na kile kilichoweza kubebwa kichwani.

Mbali na huko kuna watu wanaolitazama blanketi kwa jicho jingine. Nchini Marekani, mfarishi ulioshonwa kwa vipande vya nguo hutundikwa ukutani, hupimwa na majaji mshono kwa mshono, na mshindi huondoka na maelfu ya dola. Yapo mashindano ya kila mwaka yenye kanuni, ada na siku ya mwisho isiyosogezwa.

Mambo hayo mawili, blanketi la kujifunika na mfarishi wa kushindania, yako karibu kuliko yanavyoonekana. Wanawake wa Fizi tayari wameshona mfarishi uliovuka bahari. Na mji uliotoa mshindi wa shindano kubwa kuliko yote katika historia ya kazi hiyo leo ni makazi ya maelfu ya Wakongo wanaozungumza Kiswahili. Kinachoziunganisha simulizi hizo ni swali moja ambalo fundi yeyote wa kike wa Fizi, Baraka au Minembwe atalielewa bila kufafanuliwa: kazi ikifanywa na mikono mingi kwa haraka, jina la nani hubaki juu yake, na fedha huenda kwa nani?

Miezi minne, mifarishi 24,000

Januari 1933, kampuni ya biashara ya Sears, Roebuck ilitangaza shindano la kitaifa la mifarishi nchini Marekani. Fainali ilipangwa kufanyika Chicago, mji uliokuwa ukijiandaa kwa maonyesho ya dunia yaliyobeba kaulimbiu ya Karne ya Maendeleo. Siku ya mwisho ya kuwasilisha kazi ilikuwa Mei 15 mwaka huohuo. Washonaji walikuwa na takriban miezi minne.

Kwa asiyejua kazi hii, miezi minne ni mingi. Kwa anayeijua, ni michache. Mfarishi wa kitanda kikubwa unaoshonwa kwa mkono na mtu mmoja baada ya kazi za nyumbani unaweza kuchukua mwaka au zaidi.

Lakini zawadi ilikuwa ya kumkosesha mtu usingizi. Mshindi wa kwanza angepata dola 1,000, na nyongeza ya dola 200 kama mchoro wake ungehusu kaulimbiu ya maonyesho. Huo ulikuwa wakati wa Mdororo Mkuu wa uchumi, ambapo karibu mfanyakazi mmoja kati ya wanne nchini Marekani hakuwa na kazi. Dola 1,000 zilikaribia mapato ya mwaka mzima ya mtu wa kawaida.

Mifarishi takriban 24,000 iliwasilishwa. Ilichujwa kwanza kwenye maduka na vituo vya kampuni hiyo, kisha katika mashindano ya kanda, hadi ikabaki 30 iliyopelekwa Chicago. Wengi walikuwa wamejitahidi kuchora minara, treni na ndege ili kuonyesha karne ya maendeleo. Majaji hawakuwapa ushindi. Walichagua mfarishi wa nyota, wa mtindo wa zamani, wenye mshono mdogo na safi kiasi cha kushangaza.

Aliyeuwasilisha alikuwa Margaret Rogers Caden wa mji wa Lexington, jimbo la Kentucky. Alipokea fedha, na mfarishi wenyewe ukapelekwa zawadi kwa Eleanor Roosevelt, mke wa Rais wa Marekani. Tangu hapo haujulikani ulipo.

Siri iliyokaa miaka mingi

Ukweli ulijulikana hadharani miongo kadhaa baadaye. Watafiti wawili wa historia ya mifarishi, Barbara Brackman na Merikay Waldvogel, walifuatilia shindano hilo na kuchapisha kitabu mwaka 1993. Walibaini kwamba Caden hakuushona mfarishi ule. Alikuwa mfanyabiashara aliyeuza kazi za mikono, na kazi ile aliigawa kwa wanawake wengine wa Kentucky aliokuwa akiwapa vibarua: mmoja kuunganisha vipande, wengine kushona tabaka na kumalizia.

Wanawake hao walilipwa ujira wao wa kawaida wa kibarua. Zawadi hawakugawiwa, ingawa kanuni zilitaka kazi iwe ya mshindani mwenyewe.

Kwa nini hawakusema? Jibu halihitaji utafiti mrefu. Kazi zilikuwa adimu, na aliyekuwa akiwapa kazi ndiye aliyechukua zawadi. Kumshitaki kungekuwa kuufunga mlango wa chakula cha watoto. Hivyo mji mzima ulisherehekea ushindi huku waliovitoboa vidole kwa sindano wakikaa kimya.

Kisa hicho hakina uhusiano na Marekani peke yake. Mahali popote ambapo mwanamke hushona, hufuma au hudarizi kwa ajili ya mtu mwenye soko, hatari ni ileile. Mwenye soko anajua bei ya mwisho. Mwenye sindano anajua bei ya kibarua tu. Siku ya mwisho inapokaribia, pengo hilo huongezeka, kwa sababu kazi hugawanywa haraka na hakuna anayekaa chini kuandika nani amefanya nini.

Ahadi ya wanawake wa Fizi

Karibu na mwaka 2010, wanawake wa Fizi waliingia katika kazi hii kwa njia tofauti kabisa. Walikuwa wakihudumiwa na shirika la SOS Femmes en Danger, linalowasaidia manusura wa ukatili wa kingono. Kwa ushirikiano na The Advocacy Project, shirika lenye makao Washington, walitengeneza vipande vya nguo vilivyounganishwa kuwa mfarishi. Kazi hiyo ilipewa jina la Kiswahili: Ahadi.

Fikra hiyo haikuanzia Kongo. The Advocacy Project ilikuwa imeshirikiana na Bosfam, kikundi cha wanawake wa mji wa Tuzla, Bosnia, wafumaji waliopoteza waume, wana na ndugu katika mauaji ya Srebrenica ya Julai 1995, ambapo wanaume na wavulana zaidi ya 8,000 waliuawa. Wanawake hao walifuma vipande vyenye majina ya marehemu, na vipande vikaunganishwa kuwa mfarishi wa kumbukumbu uliozungushwa katika nchi mbalimbali.

Utaratibu wenyewe ni rahisi. Kila mwanamke hutengeneza kipande chake, mara nyingi akiweka picha ya jambo alilolipitia au analolitaka. Kisha washonaji wa kujitolea, mara nyingi walioko Marekani, huviunganisha, huweka tabaka la ndani na la nyuma, na kumalizia pindo. Mfarishi hutundikwa kwenye maonyesho na mikutano, na wageni husimama mbele yake wakisoma kile ambacho ripoti ya kurasa 80 haikuweza kuwafanya wasome.

Kwa Fizi, jambo hilo lilikuwa na uzito wa pekee. Siku ya mwaka mpya wa 2011, askari wa jeshi la taifa waliushambulia mji wa Fizi na kuwabaka wanawake wengi. Wiki chache baadaye mahakama ya kijeshi ilihamia Baraka kusikiliza kesi. Februari 21, 2011 ilimhukumu Luteni Kanali Kibibi Mutware kifungo cha miaka 20 kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Wanawake walikuwa wametoa ushahidi wao mbele ya majaji. Sindano na kitambaa vilikuwa njia nyingine ya kusema, kwa wale ambao hawakuweza kusimama mahakamani au ambao kesi zao hazikufika huko.

Tofauti na mfarishi wa Kentucky, thamani ya Ahadi ilitokana na jambo moja: kujulikana kwamba walioutengeneza ni wanawake wa Fizi wenyewe. Ukiwaondoa wao, kinachobaki ni kitambaa.

Je, Minembwe inaweza kushindana?

Chukulia kikundi cha wanawake kumi wa Minembwe wanaotaka kushona mfarishi wa kushindania. Hesabu yake inawezekana kufanywa kwa penseli na karatasi, na inafaa ifanywe kabla ya mkasi kugusa kitambaa.

Mfarishi wa sentimita 180 kwa 210 unaoshonwa kwa miraba ya sentimita 15 unahitaji miraba 12 kwa upana na 14 kwa urefu, yaani 168. Kila mraba hukatwa sentimita 16.5, ili pande zote zibaki na nafasi ya mshono. Kitenge kimoja cha yadi sita, ambacho wengi wa Fizi na Uvira hukiita kikwembe, chenye upana wa sentimita 115 hivi, hutoa miraba sita kwa upana na 33 kwa urefu. Hiyo ni miraba 198, inayotosha uso mzima na kubaki.

Lakini mfarishi wa kitenge kimoja hauna mvuto. Hapo ndipo mabaki ya mafundi cherehani yanapokuwa mali. Fundi mmoja wa sokoni hutupa vipande vingi kila wiki, na vipande hivyo ndivyo vinavyoleta rangi ambazo duka la Marekani haliwezi kuziuza.

Upande wa nyuma unahitaji mita nne za kitenge: vipande viwili vya mita mbili vikiunganishwa ubavu kwa ubavu. Katikati huwekwa tabaka la pamba au blanketi jepesi la mtumba lililofuliwa. Bila tabaka hilo la kati, kitu hicho ni shuka la viraka.

Kisha huja mshono. Kuunganisha miraba 168 katika mistari, na mistari kuwa uso mmoja, ni takriban mita 49 za mshono. Baada ya hapo tabaka tatu hushikizwa pamoja kwa kushona tena juu yake, na mtu anayefuata tu mistari ya miraba hurudia karibu mita hizohizo 49, safari hii akitoboa unene wa tabaka tatu. Bado pindo la kuzunguka, karibu mita nane.

Wanawake kumi wakigawana, kila mmoja ana miraba 16 au 17 ya kukata na kuunganisha. Hiyo si kazi ya kutisha. Kinachotisha ni usawa. Mkono mmoja ukiacha nafasi ya mshono ya milimita saba na mwingine milimita tisa, tofauti ya milimita mbili kila upande huwa milimita nne kwa kila mraba. Katika mstari wa miraba 12 ni karibu sentimita tano. Mistari haitakutana, na jaji ataliona hilo kabla hajaona rangi.

Ndiyo sababu vikundi vyenye uzoefu havianzi na kushona. Huanza na kipimo kimoja cha kadibodi au bati, kinachopita kwa kila mkono, na mraba mmoja wa majaribio kutoka kwa kila mwanachama.

Siku ya mwisho ni ya njia, si ya sindano

Kwa aliyeko Chicago, siku ya mwisho ni siku ya kumaliza pindo. Kwa aliyeko Minembwe, siku hiyo inapaswa kuhesabiwa upya. Mji hauna umeme wa gridi, kwa hiyo mchana ndio muda wa kazi na cherehani ya mguu au ya mkono ndiyo mashine. Barabara za kushuka kuelekea Baraka na ziwani ni mbaya, hasa katika miezi ya mvua kati ya Septemba na Mei. Na njia inayopitika leo inaweza kufungwa kesho na mapigano.

Kwa hiyo kikundi kinachopewa miezi minne hakina miezi minne ya kushona. Kinapaswa kutoa muda wa kukusanya vitambaa, muda wa mzigo kufika Bukavu, Uvira au ng'ambo ya mpaka, na akiba kwa siku ambazo hakuna anayesafiri. Kiangazi cha Juni hadi Agosti ndicho kipindi bora cha kusafirisha, na mipango yenye busara hurudi nyuma kutoka hapo.

Kuna nafuu moja ambayo washindani wa 1933 hawakuwa nayo. Mashindano mengi makubwa ya sasa huchuja kwa picha zinazotumwa kwa intaneti. Mfarishi wenyewe husafirishwa baadaye, na ni kwa waliochaguliwa tu. Simu yenye kamera nzuri, mtandao unapopatikana, inatosha kwa hatua ya kwanza. Lakini picha hazisamehi: kazi hutundikwa wima ikiwa imenyooka, mchana, mahali pasipo jua kali wala kivuli, na picha ya pili huonyesha mshono kwa karibu.

Jambo jingine limebadilika. QuiltCon, maonyesho ya chama cha Modern Quilt Guild, yana kundi maalumu kwa kazi za vikundi. Mikono mingi haihesabiwi tena kuwa kosa la kufichwa. Kosa ni kutoitaja.

Kentucky ya leo

Lexington, mji uliompongeza Margaret Caden, umebadilika pia. Kwa miaka mingi sasa umepokea wakimbizi wa Kongo, wengi wao kutoka mikoa ya mashariki, na Kiswahili kimekuwa miongoni mwa lugha zinazosikika sana mjini humo baada ya Kiingereza na Kihispania. Wapo waliopitia kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, Tanzania, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya waliokimbia vita vya Kivu Kusini.

Jimbo hilohilo lina mji wa Paducah, kando ya Mto Ohio, ambako jumba la makumbusho ya mifarishi lilifunguliwa mwaka 1991 na ambako maelfu ya wapenzi wa kazi hiyo hukusanyika kwa maonyesho. Mwaka 2013 UNESCO iliuingiza mji huo katika mtandao wake wa miji bunifu, kwa sababu ya kazi za mikono.

Maana yake ni kwamba kati ya fundi wa Minembwe na ukumbi wa maonyesho Kentucky, huenda kuna ndugu, jirani wa zamani au mtu wa kanisa moja anayeishi saa chache kutoka mlango wa ukumbi huo. Mtu huyo anaweza kusoma kanuni, kulipa ada ya kuingia na kupokea mzigo. Anaweza pia, asipoangaliwa, kuwa Caden mwingine. Undugu hauondoi haja ya maandishi.

Daftari kabla ya mkasi

Vikundi vya kuweka na kukopa, vinavyojulikana Kongo kama AVEC, tayari vina nidhamu inayohitajika: daftari, sanduku na mashahidi. Daftari hilohilo linaweza kubeba kazi ya mfarishi. Nani alitoa kitambaa, nani alikata, nani aliunganisha, nani alishona tabaka, kwa saa ngapi. Na sentensi moja ya makubaliano: zawadi ikija, au mfarishi ukiuzwa, fedha zitagawanywaje, na anayepeleka kazi nje atapata kiasi gani kwa huduma yake.

Makubaliano hayo huandikwa kabla ya mraba wa kwanza kukatwa. Baada ya ushindi, kila mtu hukumbuka mchango wake kuwa mkubwa na wa jirani kuwa mdogo.

Kisha kuna lebo. Ni desturi ya washonaji wa mifarishi kushona upande wa nyuma kipande kidogo cha kitambaa chenye jina la aliyeshona, mahali na mwaka. Kitambaa hicho hakionekani wakati wa hukumu, kwa sababu majaji hawapaswi kujua kazi ni ya nani. Lakini hubaki pale mfarishi unapouzwa, unapotolewa zawadi, au unapokutwa kwenye sanduku miaka 90 baadaye. Kama kazi ile ya Kentucky ingekuwa na lebo ya kweli, historia isingehitaji kusubiri watafiti.

Kwa wanawake wa Fizi na nyanda zake, lebo ina ugumu wake. Manusura wa ukatili hawezi kulazimishwa kuweka jina lake hadharani. Jina linaweza kumletea fedheha, au hatari. Wengine hawataki jina la kabila au kijiji chao lisomeke na mgeni. Hilo ni lao kuamua, na njia zipo: alama ya sindano anayoijua mwenyewe, herufi mbili za mwanzo, au namba inayolingana na ukurasa wa daftari lililohifadhiwa na kikundi. Kutojitaja kwa hiari ni haki ya mshonaji. Kufutwa na mwingine ni wizi.

Mfarishi mzuri ukimalizika, huwezi tena kujua kwa macho mshono wa nani uliishia wapi na wa nani ulianzia wapi. Huo ndio uzuri wa kazi ya pamoja, na ndio mwanya wa anayetaka kujimilikisha. Kipande cha kitambaa cha ukubwa wa kiganja, kilichoandikwa na kushonwa na wenye kazi kabla haijaondoka Minembwe, huuziba mwanya huo.